Upande wa Nyuma wa Kadi

Saa nne kasorobo asubuhi gari la polisi lilisimama mbele ya shamba la nyanya, na mlinzi hakuonyesha haraka yoyote ya kulifungulia. Alisoma kitambulisho cha Inspekta mara mbili, akakirudisha kwa ncha za vidole, kisha akasukuma lango kiasi cha gari kupita kwa kujibana.

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye daftari la jalada gumu na viatu vilivyokwisha kuzoea matope. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mshukiwa wake, mchumaji ambaye shamba zima lilimwita Mama Pacha. Mikono yake ilikuwa katika pingu, naye alikuwa amekwisha kulala mahabusu siku tatu. Saa nane mchana alitakiwa kusimama mbele ya hakimu kwa kosa la kuharibu mali kwa makusudi. Jalada lilikuwa tayari. Lilibaki kutiwa sahihi moja tu, ya Inspekta.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho," alisema Inspekta bila kugeuka. "Wadudu wale uliwatoa wapi?"

"Si mmeshanishika dole gumba mkaligandamiza kwenye karatasi? Isomeni. Inajibu yote."

"Karatasi inasema umekiri kuleta wadudu."

"Basi nimekiri."

"Kwa nini uliwaleta?"

"Hilo hamkuliuliza Jumatatu," alisema Mama Pacha, akatazama dirishani. "Leo haraka ya nini?"

Kwa mujibu wa jalada, mambo yalikuwa mepesi. Jumatatu alfajiri Mama Pacha alipekuliwa langoni akiingia kazini. Ndani ya mkoba wake ilikutwa chupa ya kioo yenye majani ya magugu, na chini ya kila jani vidoa vyeusi vingi kama mbegu za ufuta ulioungua. Ndani ya shamba, katika Banda Namba Tatu, lile refu la nailoni, nusu ya nyanya zilikuwa zinakufa kwa inzi weupe. Msimamizi wa banda aliiunganisha chupa na hasara, akapiga simu kituoni. Chupa hiyo sasa ilikuwa katika mkoba wa Inspekta. Asubuhi ile, kabla ya kuja shambani, alikuwa ameipitisha kwa mtaalamu wa wadudu wa ofisi ya mazao. Mtaalamu aliiweka chini ya lenzi kwa dakika kumi na kumwambia jambo moja, naye akaliandika daftarini.

Mwenye shamba, aliyeitwa Tajiri hata na watoto wake, alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha ofisi mikono kiunoni. Nyuma yake alisimama msimamizi, mwanamume mrefu, mkavu, shati limechomekwa barabara, na rula ya chuma imechungulia mfukoni mwa kifua. Alipimia kwa rula ile nafasi kati ya mche na mche, urefu wa kamba, hata kimo cha nyasi za njiani. Jina alilopewa na mama yake lilikwisha kusahauliwa, aliitwa Rula.

"Nilidhani umekuja kuniambia mwanamke huyu amefungwa miaka mingapi," alisema Tajiri. "Kumbe umemleta kutalii."

"Nimemleta aonyeshe."

"Aonyeshe nini? Mistari kumi na miwili imekwisha! Wanunuzi wamevunja mkataba jana. Mimi sina muda wa maigizo, Inspekta."

"Bosi, huyu alitamka mwenyewe, watu wakisikia," alidakia Rula. "Alisema, 'Msimu huu mtavuna wadudu.' Na kweli tumevuna. Unataka ushahidi gani tena, afande? Video ya harusi?"

"Alitamka lini?"

"Wiki ya kumi na tano. Nilipomtoa mistari ya mashariki nikamweka ya mlangoni. Alipandisha, akanitukana, akaapiza."

Shamba lile lilihesabu siku zake kwa wiki tangu mwaka uanze, na wiki hii ilikuwa ya kumi na nane. Inspekta aliandika: *15, kuhamishwa, tishio.* Mama Pacha, akishushwa garini, alicheka puani.

"Cheka," alisema Tajiri. "Na lile pori la magharibi unakookota uchafu wako leo linakwenda. Trekta inaanza saa sita. Hapatabaki hata kijiti cha mdudu kujificha."

Cheko la Mama Pacha lilikatika. Inspekta aliliona hilo, akaliandika nalo.

Ndani ya banda joto liliwapokea kama mvuke wa sufuria. Mistari ishirini na minne ya nyanya ilisimama kutoka ukuta wa mashariki hadi wa magharibi, na katikati ilipita njia kuu iliyoanzia mlangoni. Juu ya kila mstari zilining'inia kadi za njano zenye gundi pande zote mbili. Inzi weupe hupenda rangi ya njano. Wakiifuata hunasa, na kila Jumatatu kadi hubadilishwa na walionasa huhesabiwa. Kazi hiyo ilikuwa ya mwanamke mnene mwenye miwani, karani wa mitego. Naye ndiye dada wa mume wa Mama Pacha.

Alipomwona mke wa kaka yake na pingu zake, hakushtuka.

"Wifi," alisema Mama Pacha.

"Usiniite wifi mbele za watu. Kaka yangu alipokuleta nyumbani nilisema, mkaniambia nina wivu. Haya, wivu wangu na pingu zako, kipi kimeonekana leo?"

"Wewe ndiye uliyetoa maelezo kuhusu mitego," alisema Inspekta, akijiingiza kati yao.

"Mimi sina neno na mtu. Namba ndizo zimesema. Inzi walianza mlangoni, wiki ya kumi na sita. Na mlangoni alikuwa nani? Huyo. Wiki moja tu tangu ahamishiwe pale."

"Kabla ya hapo?"

"Watatu, watano. Kawaida."

Inspekta alianza kutembea. Alitoka ukuta wa mashariki, mstari wa kwanza, akielekea magharibi, na katika kila mstari aligeuza majani matatu. Mistari ya mashariki ilikuwa maiti iliyosimama. Majani yalinata kwa utomvu wa wadudu, na juu ya utomvu umeota ukungu mweusi kama masizi ya taa. Alipogusa shina moja, wingu la inzi weupe liliruka, likamwingia nyusini. Kuanzia mstari wa kumi na tatu inzi walipungua. Kuanzia wa ishirini majani yalikuwa ya kijani, mapana, na matunda yamejaa. Aligeuza jani. Chini yake palikuwa na vidoa vyeusi.

Rula alikuwa nyuma yake kama kivuli. "Haohao! Haohao wa kwenye chupa! Bosi, njoo uone, amewapanda mpaka huku!"

Tajiri alikuja mbio. Alilitazama jani, akamtazama Mama Pacha, na mishipa ya shingo ikamtoka. "Afande, niachie dakika moja tu na mtu huyu."

"Hutaipata," alisema Inspekta. Alitoa chupa mkobani, akaiweka kando ya jani. Vidoa vilikuwa vya namna moja, hilo halikuwa na ubishi. "Msimamizi, nisaidie. Kama wadudu wa chupa ndio hawa, mbona mstari wenye hawa ndio mzima?"

Rula alifungua kinywa. "Bado... hawajaanza kula."

"Mashariki hakuna hata kidoa kimoja cheusi. Nimegeuza majani thelathini na sita."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo twende nje."

Upande wa magharibi, ng'ambo ya ukuta wa nailoni, bonde lilikuwa pori tupu: vichaka, magugu yenye maua madogo, mizabibu mwitu iliyopanda juu ya miti. Lile ndilo lililosubiri trekta. Upande wa mashariki palikuwa tofauti kabisa. Kuanzia ukuta hadi barabarani, hatua arobaini, udongo ulikuwa mtupu, umesawazishwa kama sakafu, na mawe yaliyopakwa chokaa yamepangwa kwa mstari.

"Pamependeza," alisema Inspekta.

"Usafi ni kanuni yangu," alisema Rula, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea.

"Pamekuwa hivi tangu lini?"

"Siku zote."

Inspekta alichuchumaa. Kati ya mawe mawili palikuwa na kisiki chembamba cha kichaka, kimekatwa kwa pembe, na kutoka kwenye gome lake yamechipua machipukizi manne. Alinyoosha mkono juu bila kumtazama mtu.

"Niazime rula yako."

Rula alisita. Tajiri alimkazia macho. Rula ya chuma ilitoka mfukoni polepole, kama jino.

"Sentimita ishirini na mbili," alisoma Inspekta. "Kisiki cha siku zote hakichipui hivi, bwana. Ama kingekufa, ama kingekuwa mti."

"Magugu hayo. Yanaota usiku na mchana."

"Sawa. Nionyesheni kadi za zamani."

"Zimehesabiwa, zimeandikwa. Za nini tena?"

"Nimesema nionyesheni."

Stoo ilikuwa nyuma ya ofisi, na mkono wa Rula ulionekana humo kuliko mahali pengine popote. Kadi zote zilizokwisha kuhesabiwa zilikuwa zimefungwa katika nailoni angavu moja moja, zimepangwa katika maboksi kwa wiki, na kila kadi imeandikwa mstari wake na tarehe. Hakuna iliyotupwa. Inspekta aliomba meza, akavuta boksi la wiki ya kumi na moja, kadi za mstari wa kwanza hadi wa nne. Inzi watatu. Akavuta wiki ya kumi na mbili. Inzi watano. Akavuta ya kumi na tatu. Inzi sita. Wifi alisimama mlangoni amefunga mikono.

"Nilikwambia. Kawaida."

Inspekta aliigeuza kadi ya wiki ya kumi na tatu.

Rangi ya njano haikuonekana. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe kama uliomwagiwa unga, bawa juu ya bawa.

Tajiri alisogea mpaka tumbo lake likagusa meza. "Hiki nini?"

"Upande huo hauhesabiwi," alisema wifi. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kwa nini?"

"Unatazama ukutani. Ukipita njiani huuoni, mpaka uingie katikati ya miche, uchafuke. Tunahesabu upande wa njia. Za mlangoni tu ndizo zinazoonekana pande zote."

"Nani alikufundisha hivyo?"

Macho ya wifi yalikwenda kwa Rula.

"Mimi?" Rula alicheka kidogo. "Mimi nilisema uhesabu kadi. Kadi ina pande mbili, hata mtoto anajua. Kama mtu ni mvivu kuingia kwenye miche, mzito, anaogopa kuchafua nguo, hilo nalo ni la kwangu?"

"Mzito?" Wifi alivua miwani. "Mzito mimi? Wewe si ndiye uliyesema wachumaji wakiingia ovyo katikati ya mistari wanavunja mistari yako? Si ulinipigia kelele mbele ya watu kwa tawi moja? Na kufyeka nako nilikuwa mzito? Jumamosi nzima tumeinama pale mashariki, wachumaji wote, mikono imetoka malengelenge, kwa sababu wageni wako wanakuja na hutaki waone magugu! Leo unasema siku zote!"

Kwa mbali, upande wa bonde, injini ya trekta ilikohoa, ikashika.

"Jumamosi gani, mama?" aliuliza Inspekta kwa upole.

"Ile ya kabla ya wageni." Wifi alirudisha miwani usoni. "Wiki ya kumi na mbili."

Inspekta aliweka kadi mbili mezani zikiwa zimegeuzwa. Ya wiki ya kumi na mbili, iliyoshushwa Jumatatu kabla ya kufyeka: nyuma yake inzi wanane. Ya wiki ya kumi na tatu, iliyoshushwa Jumatatu iliyofuata, siku mbili baada ya kufyeka. Alichora mraba mmoja kwa rula ya chuma, akahesabu kwa ncha ya kalamu, akazidisha. "Mia nne na zaidi. Katika kadi moja. Wiki mbili kabla mshukiwa hajahamishwa. Wiki tatu kabla ya inzi kuonekana mlangoni." Alifunga daftari. "Sababu ya kisasi haipo tena, bwana. Hakuna anayelipiza jambo ambalo bado halijamkuta."

"Na chupa?" Rula alipaza sauti. "Chupa je? Alikutwa nayo! Amekiri!"

"Chupa nimeipeleka kwa anayejua. Anasema inzi mweupe, akishakomaa ndani ya gamba lake, hulipasua akatoka, na mpasuko hubaki. Magamba ya humu hayana mpasuko hata mmoja. Yana tundu la mviringo, limetafunwa kutoka ndani. Aliyetoka humu si inzi. Ni nyigu mdogo kuliko nukta ya kalamu. Hutaga ndani ya mtoto wa inzi, na yai likianguliwa, funza wake humla mwenye nyumba. Gamba likigeuka jeusi ujue inzi huyo amekwisha." Alimgeukia Mama Pacha, aliyekuwa ameegemea boksi la wiki ya kumi. "Ulijua?"

"Majina yao sijui. Nyigu, nani, sijui. Macho ninayo." Mama Pacha alizungumza akimtazama Tajiri peke yake. "Miaka tisa nimechuma mstari wa kwanza. Inzi walikuwa kwenye magugu yale ya mashariki tangu naanza kazi, na wengi wao weusi, wamekufa. Walikuwa na walaji wao humo humo. Siku ya kufyeka nilimwambia huyu: ukiyakata, mwenye kuruka vizuri atahamia kwetu, na walaji wake watakauka pamoja na majani. Nikamwambia, msimu huu mtavuna wadudu. Hiyo ndiyo laana yangu. Nilimwambia siku hiyo, si wiki ya kumi na tano."

"Na wiki ya kumi na tano?"

"Nilikwenda kumwambia, wameshaingia, njoo uone chini ya majani. Akaniambia hapa tunakwenda kwa kadi, si kwa macho ya wachumaji. Akanitoa mstari wangu."

"Jumatatu?"

"Jumatatu nilitoa majani kule magharibi, ambako bado kuna weusi. Nilikuwa nakuletea wewe, bosi, uyatundike kwenye mistari inayokufa. Nilimwambia mlinzi, niitie bosi. Akamwita huyu."

Tajiri alimtazama Rula. Kisha akamwacha pale pale. Alikimbilia mlangoni, akapiga kelele kuelekea bondeni mpaka sauti ikapasuka:

"Zima! Zima trekta! Nani kakwambia uanze? Zima!"

Injini ilinguruma tena mara mbili, ikafa.

Inspekta alifungua pingu. Mama Pacha hakushukuru. Alijisugua vifundo vya mikono, akavuta kiti cha karani, akaketi bila kuombwa.

"Hiyo karatasi yangu."

"Nitaifuta kituoni."

"Iko kwenye jalada lako. Itoe hapa."

Inspekta aliitoa. Ilikuwa ukurasa mmoja, na chini yake alama ya dole gumba, kubwa, nyeusi. Mama Pacha aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

"Unasoma?" aliuliza Tajiri. Jasho lilikuwa likimtiririka. "Mama Pacha, mistari ya kumi na tatu mpaka kumi na tisa bado inaweza kupona. Tunapoteza muda. Twende ukawaonyeshe majani, haya mengine..."

"Jumatatu hakuna aliyeniuliza kama nasoma. Nilishikwa dole tu." Kidole kilisogea. Alisoma kwa sauti, neno baada ya neno, bila kuruka hata nukta, na watu wanne walisimama wakimsubiri katika joto la stoo. "'Mshukiwa... amekiri... kuwa... aliingiza... wadudu... shambani.'" Aliinua kichwa. "Sentensi hii ni ya kweli. Sitaki ifutwe."

"Unataka nini?" aliuliza Inspekta.

"Haijaisha. Ongeza: 'ili wawale wale walioletwa na msimamizi.'"

Rula aligeuka atoke nje, akamkuta wifi mlangoni, naye hakumpisha.

Inspekta aliandika. Mama Pacha aliyafuata maneno mapya kwa kidole mpaka mwisho, akanyoosha mkono apewe kalamu, na kando ya lile dole gumba akaandika jina lake kamili, herufi moja moja, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akamgeukia wifi yake.

"Leta yale maboksi yote," alisema. "Anza wiki ya kumi na tatu. Hesabu upande wa nyuma."